Slokuka: nyama imerojeka, muhogo na karoti bado vinagonga meno. Tatizo nini?

#1 MlaFutari
Asalaam aleikum wadau, na Ramadhani njema kwa wanaofunga.

Nina slokuka ya lita 6, lile jungu la umeme la kupikia taratibu, kaniletea shemeji kutoka Uingereza. Jana nikasema leo sihangaiki na mkaa. Saa tano asubuhi nikapakia mbuzi, paja na mifupa yake, nimeshampaka papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu. Nyama chini, juu yake muhogo, karoti na magimbi kidogo. Nikamwagia nyanya za kusaga, ndimu mbili, chumvi, na maji ya kufunika. Kitufe nikaweka moto mdogo, nikafunga mfuniko, nikaenda zangu kazini Chumbageni.

Adhana ya magharibi inatoka, nafunua. Nyama imerojeka, mfupa ukiuvuta unatoka mweupe mtupu. Karoti inagonga meno. Muhogo ndiyo usiseme, mzee kautema kwa adabu.

Kwenye jiko la mkaa huwa ni kinyume kabisa. Muhogo unaiva, unautoa, mbuzi bado anabishana na moto. Sasa huku imekuwaje kigumu kimelainika na kilaini kimegoma? Watu wa Tanga wenye haya majungu naombeni maelezo.

#2 Kijana_wa_Duga
Mfupa kutoka mweupe mtupu mimi sioni tatizo. Hiyo nyama ilibaki?

#3 BiKidawa_Ngamiani
Waaleikum salaam. Mwanangu, umepanga kichwa chini miguu juu. Moto wa hilo jungu uko kwenye kuta na kitako, waya umezunguka pembeni. Huko juu karibu na mfuniko kuna mvuke tu. Mizizi inakaa chini na pembeni, igusane na jungu lenyewe, halafu nyama inapanda juu yake. Wewe umempa mbuzi kitanda, muhogo ukauning'iniza hewani.

Na muhogo ukate mwembamba, unene wa kidole gumba. Karoti nene zipasue katikati. Nahisi umekata vile vipande vya kuchemsha kwa chai.

Tena usifunue kuchungulia. Kila ukifunua joto linatoka, linataka dakika ishirini au zaidi kurudi.

#4 MlaFutari
Shikamoo bibi. Vipande vilikuwa urefu wa kiganja, ndiyo. Kuchungulia mimi sikuwepo, ila nyumbani kuna watoto wawili wasiofunga na pua zao zinafanya kazi.

#5 FundiVolti
Kabla hamjamlaumu muhogo, mleta uzi, kwako umeme unasoma volti ngapi mchana?

Haya majungu ya kuzungusha kitufe mengi hayana kidhibiti joto. Yana waya unaopata moto kulingana na umeme unaoingia, basi. La lita 6 kwa kawaida ni wati 250 hadi 320. Chukulia lako limeandikwa wati 300 kwa volti 230. Ukiingia umeme wa volti 180, wati hazipungui kidogo kama watu wanavyodhani, zinapungua kwa mraba. Unabaki na asilimia 61, yaani wati 184 hivi. Na hizo 300 huwa ni za moto mkubwa. Ukiweka moto mdogo unaanza chini zaidi. Hapo hupiki, unapasha.

Mtaani kwetu mashine ya kusaga na pampu za visima zikiwaka pamoja, taa unaiona inasinzia. Kwa jiko la mkaa hilo halikuhusu. Kwa slokuka ndiyo futari yako.

#6 Kijana_wa_Duga
Kwa hiyo muhogo wa mtu unagoma kwa sababu jirani anasaga mahindi. Haya maisha.

#7 Mkemia_Pongwe
Swali ni zuri kuliko linavyoonekana, maana nyama na mizizi hailainiki kwa njia moja.

Ugumu wa paja la mbuzi ni kolajeni, yale matando meupe na kano. Kolajeni haidai moto mkali, inadai muda. Kuanzia kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi inayeyuka taratibu kuwa jelatini, ndiyo ule mchuzi unaonata mdomoni. Uipe saa sita, saba, inaachia yenyewe bila jungu kuchemka hata mara moja.

Karoti, muhogo na viazi vimeshikiliwa na pektini, gundi iliyo kati ya seli na seli. Pektini haibabaiki mpaka joto likaribie nyuzi 85 na kupanda. Kwenye sufuria linalochemka uko karibu na 100, kwa hiyo mizizi inamaliza mbele na mbuzi anabaki nyuma. Kwenye jungu lililoishia nyuzi 80, mbuzi anaendelea, mizizi imesimama palepale. Hicho ndicho kinyume unachokiona.

Kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Mizizi ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 50 na 70, kuna kimeng'enya ndani yake kinachoibadilisha pektini ikashikana na kalsiamu. Ikishashikana inakuwa ngumu zaidi, na hata ukiichemsha baadaye inachelewa kulainika. Viwanda vya mboga za makopo hufanya hivyo makusudi ili karoti zisirojeke. Slokuka inayopanda joto polepole inakufanyia kazi hiyo bila kuiomba.

#8 MamaLishe_Mgandini
Mkemia umesoma, hongera. Lakini huo muhogo aliununua nani, na lini?

Mimi nauza muhogo wa nazi miaka yote na jiko langu ni la mkaa, halina volti wala nini. Muhogo uliochimbwa leo unaiva. Uliolala kwenye tenga siku mbili tatu unabadilika, ukiukata unaona vimistari vya bluu au kahawia ndani. Huo uuchemshe mpaka daku, utakutazama tu. Na muhogo uliokaa sana shambani una mti katikati, ule mshipa uutoe. Sokoni kabla sijalipa navunja ncha moja. Muuzaji akikataa uvunje, mwachie muhogo wake.

#9 MlaFutari
Nawajibu kwa pamoja.

Umeme sijapima, ila jioni feni inazunguka kwa huruma. Muhogo ulitoka Muheza, nauzwa barabarani, muuzaji kaniapia kauchimba asubuhi. Mistari ya bluu sikuona, ila sikuitafuta. Maji ni ya kisima cha hapa nyumbani.

#10 Kijana_wa_Duga
"Nauzwa barabarani". Mleta uzi njaa imeanza kukuandikia.

#11 Mwambani_Boy
Hapo kwenye kisima simamisha uzi. Maji ya visima vya huku pwani yamejaa chokaa. Angalia birika lako ndani, lina magamba meupe au halina? Ukanda huu umekaa juu ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ni hayohayo mawe. Mkemia kasema pektini inashikana na kalsiamu. Kalsiamu ndiyo hiyo, unaichota kwa ndoo.

Maharage ya kwetu yalikuwa hayaivi kwa maji ya kisima, mama akibadili maji ya mvua yanaiva. Hiyo nimeiona kwa macho.

#12 Mstaafu_Raskazone
Mwambani_Boy, sema visima, usiseme Tanga. Maji ya bomba ya mjini yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara ya Mashariki. Hayo ni maji ya mto, habari nyingine kabisa na kisima chako.

Ila kwa muhogo naona mnakwenda mbali. Ndimu mbili na nyanya mmeziruka zote. Asidi inaichelewesha pektini kuachia. Mpishi yeyote wa zamani anakwambia kitu kichachu kinaingia mwisho. Ukwaju, embe bichi, ndimu, nyanya, vyote vinasubiri mizizi iive kwanza.

#13 Mkemia_Pongwe
Mstaafu yuko sahihi juu ya asidi. Nilikuwa naelekea huko.

#14 BiKidawa_Ngamiani
Nyote mnaelekea. Mpangeni muhogo chini kwanza.

#15 ShangaziZ
Nimesoma mpaka hapa nacheka. Sisi kwa bibi yetu Pangani futari ilipikwa kwenye chungu, mafiga matatu, kuni za mnazi. Moto ukishawaka vizuri zinatolewa, yanabaki makaa, chungu kinafunikwa na makaa mengine yanapaliwa juu ya mfuniko. Kinasahauliwa hapo tangu adhuhuri. Muhogo, mbuzi, nazi, vyote vinaiva pamoja na hakuna aliyewahi kutaja pektini.

#16 FundiVolti
Shangazi, makaa juu na chini ndiyo jibu lenyewe. Chungu chako kilikuwa na moto pande zote. Slokuka juu haina kitu.

#17 ShangaziZ
Basi wakaiuze waliyoitengeneza. Vitu vya Kichina hivi.

#18 Mstaafu_Raskazone
Kutengenezwa huenda siku hizi ni China, kubuniwa ni Marekani. Alibuni mtu anaitwa Irving Naxon, hataza yake, yaani hati ya kulinda ubunifu, ilitoka mwaka 1940. Alitaka jungu la kupikia maharage. Wazo alilipata kwa mama yake aliyekulia Vilnius, Lithuania. Wayahudi wa huko walikuwa wakipeleka chungu cha nyama, maharage na viazi kwa mwoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, kinalala kwenye tanuri linalopoa, wanakitoa Jumamosi, kwa sababu siku ya Sabato hawapiki. Kampuni ya Rival ikanunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na 1971 ikaanza kuliuza kwa jina la Crock-Pot. Wanawake wengi wa kule walikuwa wanaingia maofisini, jungu la kupika lenyewe mchana kutwa likawafaa.

Kwa hiyo mleta uzi anayeenda Chumbageni na kuacha jungu linapika, ndiye hasa aliyelengwa.

#19 Kijana_wa_Duga
Sasa hao walipika viazi na nyama usiku kucha kwenye tanuri linalopoa na viazi vikaiva. Wetu unagoma kwenye umeme. Mkemia jibu.

#20 Mkemia_Pongwe
Tanuri la mikate linaanzia nyuzi mia mbili na kitu. Chungu kilichemka kwanza, kikapoa baadaye. Slokuka inaanzia baridi na kupanda polepole. Njia moja, mwelekeo tofauti.

Ndiyo maana mimi nachemsha mizizi kwenye sufuria dakika kumi kwanza, ndipo naitia kwenye jungu lenye maji ya moto tayari. Pektini inavuka ile sehemu mbaya haraka.

#21 Binti_Makorora
Naomba kuingilia kidogo, kazi yangu ni ya hospitali. FundiVolti kasema jungu likipata umeme mdogo linapasha tu. Hilo si suala la ugumu wa karoti peke yake. Nyama ikikaa saa nyingi kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu vinazaliana, na vingine vinaacha sumu ambayo hata ukichemsha baadaye haitoki. Nyama yenye barafu usiitumbukize, iyeyushe kwanza kwenye friji. Anza na moto mkubwa saa nzima, halafu shusha.

Na umeme ukikatika mchana ukarudi, hujui ulikatika muda gani. Hapo ndugu yangu mwaga, hata kama roho inauma.

#22 Mwambani_Boy
Mbuzi wa Ramadhani nimwage? Na bei hii?

#23 Binti_Makorora
Ukimwaga mbuzi unapoteza mbuzi tu.

Halafu muhogo mbichi moja kwa moja kwenye jungu lililofunikwa mimi siupendi. Muhogo una asili ya sayanidi. Mtamu una kidogo, mchungu una nyingi. Sumu yake inapungua kwa kumenya, kuloweka, kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, mvuke ukitoka. Slokuka haimwagi maji na haitoi mvuke, kila kilichotoka kwenye muhogo kinabaki kwenye mchuzi. Chemsha kwanza wazi, mwaga maji, ndiyo uupakie.

#24 MamaLishe_Mgandini
Muhogo mtamu watu wanautafuna mbichi na kipande cha nazi tangu dunia iumbwe. Wa kuchoma haumwagiwi maji yoyote. Nani kafa?

#25 Binti_Makorora
Mama, mtamu sikatai. Nasema kwa anayenunua barabarani kwa kuapiwa. Onja kipande kidogo, kikiwa kichungu weka pembeni.

#26 Mstaafu_Raskazone
Anaonjaje na kafunga? Mleta uzi tafuta mmoja wa wale watoto.

#27 MlaFutari
Watoto wameshajitolea.

#28 Binti_Makorora
Na kwa wanaotaka kutumbukiza maharage mekundu humo: hapana. Yalowekwe, maji yamwagwe, yachemke kwelikweli kwenye sufuria dakika kumi kabla ya kuingia slokuka. Yana sumu inayokufa kwa kuchemka tu. Joto la nyuzi 80 halitoshi, linaweza hata kuizidisha. Kutapika kwake mtu hasahau.

#29 Mgosi_wa_Juu
Natoa neno kutoka Lushoto. Karoti mnazokula zinatoka huku, viazi vyenu vya chipsi vinatoka huku, na matusi yote mnayatoa kwa muhogo wa Muheza. Sawa.

Huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi 95 hivi. Kwa hesabu ya Mkemia sisi tungekuwa tunatafuna viazi vibichi tangu enzi. Tunapika, vinaiva, vinachelewa kidogo tu. Slokuka ninayo. Mimi naweka moto mkubwa tangu mwanzo mpaka mwisho, saa tano basi. Viazi vya unga vinapasuka, vile vya kunatanata vinakaa na umbo. Huu moto mdogo wa kutwa ni wa nyama peke yake.

#30 BiKidawa_Ngamiani
Mgosi, na viazi unaweka wapi? Chini au juu?

#31 Mgosi_wa_Juu
Chini.

#32 BiKidawa_Ngamiani
Ahsante.

#33 Kijana_wa_Duga
Wagosi bwana. Kaandika aya mbili za milima kumbe kapanga chini kama alivyosema bibi.

#34 Jikoni_kwa_Asha
Mbona hakuna anayesema habari ya papai? Nyie mnashangaa muhogo, mimi nashangaa nyama kurojeka kwa saa saba na nusu za moto mdogo. Paja la mbuzi huwa linalainika, halirojeki.

Papai bichi lina papaini, inakata nyama. Kwenye mkaa sufuria linachemka haraka, papaini inakufa, kazi yake imeisha. Kwenye slokuka joto linapita polepole nyuzi 50, 60, 70, na hapo ndipo inapofanya kazi kwa bidii. Umeipa saa nzima au mbili za kula nyama yako. Kwenye slokuka papai halihitajiki kabisa. Hata nyama ya mbuzi mzee inalainika mle.

Kwa hiyo huenda umeme wako ni mzima na jungu lako ni zima. Nyama imelainishwa na papai, muhogo umegomeshwa na ndimu, na nyie mnamsingizia jirani mwenye mashine.

#35 FundiVolti
Dada Asha, ulichosema kinanipa nguvu mimi. Kama joto lilikaa muda mrefu kwenye 60 mpaka papai likala nyama, ni kwa sababu gani lilikaa huko? Umeme mdogo.

#36 Jikoni_kwa_Asha
Jungu zima pia linachukua saa tatu nne kufika juu kwa moto mdogo. Lilivyoundwa ndivyo.

#37 Mwambani_Boy
Weka chumvi magadi punje kidogo, mizizi italainika, mambo yaishe.

#38 MamaLishe_Mgandini
Na ladha ya sabuni uitoe na nini? Magadi weka kwenye kisamvu na makande, usiniwekee kwenye mbuzi.

#39 Mkemia_Pongwe
Magadi yanalainisha kweli, pektini haistahimili alkali. Ila yanaharibu vitamini B1, na kwenye jungu la saa saba utapata uji wa karoti. Hapana.

#40 Dereva_wa_Korogwe
Mimi nimekuja na swali moja. Hilo jungu linakula luku kiasi gani? Mke wangu anataka, nataka kujua nakataa au nakubali.

#41 FundiVolti
Wati 300 kwa saa 8 ni uniti 2.4. Mimi niko T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti inanitoka kama shilingi 356 pamoja na kodi zake, kwa hiyo 850 na kitu. Hapo nimehesabu moto mkubwa muda wote, mdogo unapungua. Kama matumizi yako ni madogo na uko kwenye daraja la chini, gawa karibu kwa tatu. Linganisha na mkaa wa kumchemsha mbuzi mchana kutwa.

#42 Dereva_wa_Korogwe
Nakataa kwa sababu gani sasa.

#43 ShangaziZ
Na tui je? Mtu wa Tanga unapikaje muhogo na nyama bila nazi? Nimesubiri mleta uzi ataje nazi mpaka nimechoka. Nyanya na ndimu, huo ni mchuzi wa wapi?

#44 Jikoni_kwa_Asha
Shangazi, tui ukiliweka tangu asubuhi linakatika, unapata mafuta juu na chengachenga chini. Tui jepesi liingie badala ya maji, tui zito nusu saa ya mwisho, mfuniko kando, unakoroga. Na maji ya kufunika nyama hayatakiwi kwenye slokuka hata kidogo, mvuke hautoki, nyama yenyewe inatoa maji. Kikombe kimoja cha tui jepesi kinatosha kwa kilo ya nyama.

Ukitaka ladha, ikaange nyama kwanza kwenye samli mpaka ibadilike rangi. Slokuka haikaushi wala haipaki rangi, ukipakia mbichi unakula nyama ya kijivu.

#45 Mstaafu_Raskazone
Mkitaka kujua jungu hili limezaliwa kwa ajili ya nini hapa pwani, pikeni bokoboko. Ngano na nyama, chumvi, mdalasini, usiku kucha, asubuhi unaponda na samli juu. Hakuna mzizi wa kugoma. Mama yetu alikuwa akikesha nalo kwenye makaa siku za sikukuu. Sasa unalala.

#46 MlaFutari
Wadau, mrejesho. Nimeazima mita kwa fundi wa mtaani. Saa nane mchana ilisoma volti 211, saa kumi na moja jioni 196.

Nimepika tena. Mizizi chini, vipande vidogo kama alivyosema bibi. Ndimu nimeweka mwisho, papai nimeacha, nyanya kidogo. Moto mkubwa saa ya kwanza, halafu mdogo. Maji yaleyale ya kisima. Muhogo wa Mgandini, nimevunja ncha, muuzaji kanuna.

Nyama safi, imelainika na umbo lake. Karoti zimeiva. Magimbi yameiva. Muhogo vipande vingine vimeiva vikapasuka, vingine vigumu, na vyote vilikuwa chini, pembeni kwa pembeni.

#47 BiKidawa_Ngamiani
Nilisema.

#48 Mkemia_Pongwe
Umebadilisha mambo saba kwa mpigo, sasa hatujui lipi limefanya kazi. Ungebadilisha moja moja.

#49 Kijana_wa_Duga
Mkemia, mtu anafuturu, hafanyi mtihani.

#50 FundiVolti
196 kwa 230 ni asilimia 73 ya wati. Kipande kimoja kigumu kimoja laini ni moto haba, haujasambaa.

#51 MamaLishe_Mgandini
Moto haba ungegomesha vyote. Mihogo miwili tofauti hiyo, mmoja mchanga mmoja mzee, imefungwa fungu moja. Ulivunja ncha ya mmoja tu?

#52 MlaFutari
Wa mmoja tu, mama. Alikuwa ameshanuna.

#53 Mwambani_Boy
Na hujabadili maji. Kinga ya mvua tuone.

#54 Binti_Makorora
Magimbi yalimwasha mtu?

#55 MlaFutari
Nilipoyamenya mikono iliwasha mpaka viwiko. Kuyala hayakuwasha.

#56 Binti_Makorora
Yana vijisindano vya oksaleti. Yameiva vizuri, ndiyo maana koo limesalimika. Siku nyingine paka mafuta mikononi, na uyamenye makavu, ukiyalowanisha kwanza yanawasha zaidi.

#57 Dereva_wa_Korogwe
Wakuu nimenunua. Mtumba, zuri, zito, bei ya kutupa. Nyuma limeandikwa volti 120. Hiyo ina shida? Nimeshamenya viazi.

#58 FundiVolti
USICHOMEKE. Hilo ni la Marekani. Kwa 230 litavuta karibu mara tatu na theluthi mbili ya wati zake. La wati 250 linataka kuwa la 900 na ushee. Karoti zitaiva, na waya wa ukutani utaiva nazo. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, ya wati 500 na zaidi, maana slokuka inawaka kutwa na transfoma ndogo itaungua. Soma nyuma ya jungu wati ngapi unitajie.

#59 Dereva_wa_Korogwe
Transfoma bei gani?

#60 FundiVolti
Mpya inaweza kukuzidi bei ya jungu. Hivyo viazi vichemshe kwenye mkaa leo.